Pweza Kwanza, Mgeni wa Mwisho: Mwongozo wa Kuhifadhi Mwamba wa Kijiji na Kupokea Watalii Kusini

Bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpya na mwezi mpevu, inapokupwa asubuhi pale Msimbati, pwani ya Mtwara kusini mwa Tanzania, mwamba hujitokeza mweusi, unanuka chumvi na mwani, na akina mama hushuka na mikonjo, fimbo za kuchokolea pweza, na ndoo zao. Kwa saa mbili tatu mwamba ule ni shamba lao. Halafu maji yanapanda, na kila mmoja anarudi na alichojaliwa.

Anayetaka kuanzisha hifadhi ya mwamba kijijini kwake aanze hapo. Akae mchangani bamvua mbili mfululizo, ahesabu wanaoshuka, atazame ndoo zao zinaporudi. Kwa hilo hahitaji mfadhili. Nalisema mapema kwa sababu miradi kadhaa niliyoiona kusini ilianza na mgeni. Banda lilijengwa, kibao kikachorwa kasa na pomboo, miwani ya kuzamia ikanunuliwa, watu wakakaa kusubiri. Mgeni alipofika akashushwa majini juu ya kifusi cha matumbawe yaliyovunjika. Alilipa, akashukuru kwa adabu, akawaambia wenzake waende kisiwa cha Mafia.

Mwongozo huu unafuata njia nyingine: pweza kwanza, mwamba unafuata, mgeni wa mwisho. Pweza anakua haraka kiasi kwamba kijiji kinaona faida ya kufunga mwamba, yaani kuzuia uvuvi wake kwa muda, ndani ya miezi michache. Tumbawe, kiumbe hai kinachojenga mwamba, haliwapi wanadamu faida ya haraka namna hiyo. Lile la mviringo huongezeka kwa kadiri ya sentimeta moja tu kwa mwaka, kwa hiyo lenye kimo cha meta moja yumkini lilianza kukua kabla babu yako hajazaliwa. Huwezi kumwomba mtu mwenye njaa alisubiri.

Jua maji hayo yako chini ya nani

Kusini kuna bahari za namna mbili, na hatua zake zinatofautiana.

Kama kijiji chako kimo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, uko chini ya Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu Na. 29 ya 1994. Hifadhi hiyo ilitangazwa mwaka 2000, ina takriban kilometa za mraba 650 za bahari na nchi kavu, na visiwa vidogo kama Namponda na Mongo vimo humo. Imegawanywa kwa matumizi: kuna sehemu zisizoguswa kabisa, sehemu za matumizi maalumu, na sehemu za matumizi ya jumla. Humo kijiji hakifungi mwamba peke yake. Andika barua kwa mhifadhi, uombe ramani ya maeneo hayo, na usiondoke ofisini hadi uelewe mwamba wenu umeangukia rangi gani. Nimewahi kuona kikundi kikihangaika miezi kujadili kufunga fungu, yaani sehemu ya mwamba, ambalo tayari lilikuwa limefungwa kwenye karatasi, na kila siku watu walikuwa wanavua hapo.

Nje ya hifadhi, kama Mikindani na sehemu kubwa ya pwani ya Lindi na Kilwa, chombo chenu ni BMU, yaani kikundi cha usimamizi wa rasilimali za bahari, kinachotambuliwa na Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya 2003 na Kanuni zake za 2009. Mtu wa kumwona ni ofisa uvuvi wa wilaya. BMU za vijiji jirani zinaweza kuungana kusimamia eneo moja kwa pamoja, na mahali ambapo wavuvi wa vijiji vitatu wanakutana kwenye fungu moja, muungano huo ndio unaozuia ngumi.

Watafute watakaoumia

Hapa ndipo kazi ilipo. Mkiwaita watu kwenye mkutano wa kawaida, watakuja wenye mashua, wenye nyavu, wazee wa mji na vijana wanaotafuta posho. Mama anayechokoa pweza hatakuja, au atakuja akae nyuma asiseme. Na yeye ndiye atakayefungiwa shamba.

Mfuate pwani. Kaa naye akiwa anampiga pweza kwenye jiwe ili alainike, maana wakati huo ana nafasi ya kuzungumza. Muulize mambo ya kazi: mwamba upi una pweza wengi, mwezi gani, nani anayemnunulia, kwa bei gani, na siku asipopata anakula nini. Mama mmoja aliwahi kuniambia, “Mwanangu, nyie mkija na madaftari huwa mnaniuliza nafikiri nini kuhusu mazingira. Niulize nadaiwa kiasi gani.” Ilikuwa kweli. Mnunuzi alikuwa amemkopesha, na kila pweza aliyempata alikuwa ameshauzwa kabla hajatoka shimoni. Kufunga mwamba bila kushughulikia deni lile kungekuwa kumtia adabu maskini.

Andika orodha ya majina ya wote wanaotegemea mwamba mtakaoufunga, wanawake kwa wanaume, pamoja na wavuvi wa dago wanaokuja na kuondoka. Orodha hiyo itatumika mara mbili tena: siku ya kufungua mwamba, na siku ya kugawa fedha za wageni.

Chora ramani na manahodha, kisha chagua kidogo

Kusanya manahodha wanne au watano wazee. Wape karatasi kubwa, au wachore mchangani kwa kijiti. Wao hawasomi bahari kwa namba. Wanalenga minazi na mnara wa msikiti, wanakata mistari miwili, na mahali mistari inapokutana ndipo fungu lilipo. Waache wachore hivyo, halafu mwende kwa mashua na simu yenye GPS mkachukue namba za pembe zote. Hifadhini vyote viwili. Simu ikianguka majini, minazi ingalipo.

Sehemu ya kufunga iwe na sifa hizi: ionekane kutoka kijijini, ili mtu akiiba aonekane na bibi aliyekaa barazani, iwe na mashimo ya pweza na matumbawe yaliyo hai, na isiwe zaidi ya robo ya miamba ambayo akina mama wanaifikia kwa miguu. Kiwango hicho cha robo nimekipata kwa kukosea. Safari moja tulifunga karibu nusu, na wiki ya tatu watu walianza kushuka usiku na tochi.

Msichague kifusi mkidhani kitapona. Palipopigwa baruti hubaki vipande vinavyobingirika kwa kila wimbi, na tumbawe changa haliwezi kushika kitu kinachotembea. Uvuvi wa baruti umepigwa marufuku nchini tangu 1970, lakini pwani ya Mtwara ilisikia milipuko kwa miongo mingi baada ya hapo, na makovu yake bado yapo. Kwa sababu hiyo hiyo, mtu akija na mradi wa kupanda matumbawe muulize kwanza atayapanda juu ya nini.

Sheria ndogo, na kalenda ya korosho

Makubaliano ya mdomo hayamfungi mgeni kutoka kijiji jirani. Mnahitaji sheria ndogo ya kijiji. Utaratibu wake uko katika Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya 1982: halmashauri ya kijiji inaandaa rasimu, mkutano mkuu wa kijiji unajadili, muhtasari unasainiwa pamoja na mahudhurio, kisha rasimu inapelekwa halmashauri ya wilaya kuidhinishwa. Iandikeni kwa Kiswahili cha mtu wa kawaida, ukurasa mmoja au miwili. Itaje mipaka kwa alama za kienyeji na kwa namba za GPS, kinachokatazwa, muda, faini, na faini hiyo inakwenda wapi.

Angalieni kalenda. Kuanzia Oktoba watu wako kwenye korosho, na mkutano mkuu hautatimia akidi. Miezi ya likizo ya katikati ya mwaka kuna jando na unyago, na wazee mnaowahitaji wana shughuli. Aprili na Mei, mvua zinapoisha, mara nyingi ndiyo nafasi.

Kufunga na kufungua

Mtindo huu umetumika Madagascar tangu 2004, na baadaye Pemba. Mnakataza kuvua pweza tu, kwa miezi mitatu hivi, katika sehemu ile ndogo. Mvuvi wa mshipi anaendelea kuvua changu. Hilo linapunguza maadui kwa zaidi ya nusu.

Sababu ya kufanikiwa kwake ni maisha ya pweza mwenyewe. Anaishi takriban mwaka mmoja, au zaidi kidogo. Akiwa katika umri wa kukua uzito wake huongezeka haraka sana, na yule mliyemwacha akiwa kama kiganja mnamkuta ni mzigo. Kanuni zetu zinataka pweza asiye chini ya gramu 500, kwa hiyo miezi hiyo mitatu inawatoa wengi kwenye uharamu na kuwaingiza sokoni.

Fungeni siku ya mwisho ya bamvua, ili kila mtu awe amepata chake. Wekeni maboya mekundu kwenye pembe. Pangeni walinzi wawili wawili kwa zamu, na angalau mmoja wao awe mwanamke mchokoaji, kwa sababu anawajua wote na hakuna anayemdanganya.

Siku ya kufungua ndiyo inayoharibu miradi. Habari hufika hadi vijiji vya mbali, watu mia mbili wanashuka, na jioni mwamba umekwisha. Kwa hiyo:

Wiki mbili kabla, zungumzeni na wanunuzi angalau wawili, mkubaliane bei kwa kilo na barafu. Mnunuzi akiwa mmoja, siku hiyo bei itashuka machoni penu.

Siku ya kwanza washuke walio kwenye orodha tu. Kuanzia siku ya pili, wengine.

Mizani iwe moja, hadharani, na mtu wa kuandika: jina, idadi, kilo. Wa chini ya gramu 500 anarudishwa akiwa hai.

Jike aliyejifungia shimoni kwa mawe akilinda mayai aachwe. Jike huyo hali chakula tena, na mayai yakianguliwa anakufa. Ukimtoa leo unapata nyama iliyodhoofu na unapoteza maelfu ya watoto. Akina mama wazoefu wanayajua mashimo hayo kwa kuyatazama, wawafundishe wasichana.

Na jiwe likigeuzwa lirudishwe lilivyokuwa. Chini ya jiwe kuna viumbe vinavyokufa jua likivipiga.

Kuhesabu mwamba

Chukueni kamba ya meta 50 isiyovutika, fungeni fundo kila nusu meta. Mnapata mafundo 100, kwa hiyo hesabu yenu ni asilimia moja kwa moja, bila kikokotoo. Ilazeni juu ya mwamba mahali palipowekewa alama. Mzamiaji aandike kilicho chini ya kila fundo kwa penseli kwenye kipande cha plastiki nyeupe: tumbawe hai, tumbawe lililokufa, kifusi, mchanga, mwani, majani ya bahari. Rudi na kamba hiyo hiyo, ukihesabu samaki waliomo meta mbili na nusu kila upande: pono, kipepeo, changu, chewa. Pono wapeni uzito wa pekee. Wanakwangua mwani unaolifunika tumbawe, na wakikosekana mwamba unageuka kichaka.

Mara mbili kwa mwaka inatosha, mahali pale pale. Hesabu ya kwanza ifanyike kabla ya kufunga. Ikifanywa baadaye hamtakuwa na cha kulinganisha. Mkiona viti vya pweza (samaki nyota) wenye miiba wengi kuliko kawaida waandikeni pia, kwa sababu wanakula matumbawe, na msiwashike kwa mkono mtupu.

Boya kabla ya miwani

Nanga moja kila siku kwa msimu mmoja inaweza kuvunja kilichokua kwa miaka hamsini. Kabla hamjanunua miwani hata moja, tengenezeni boya la kufungia mashua.

Pipa la lita 200 likijazwa zege lina uzito wa karibu kilo 480 nchi kavu, na kama kilo 275 likiwa majini. Linatosha kwa mashua ndogo katika maji yaliyotulia. Mimineni zege na kitanzi cha chuma kinene katikati. Lishusheni kwenye mchanga pembeni mwa mwamba, kamwe lisiwe juu yake. Kamba ipimwe kwa maji ya bamvua yaliyojaa: kina kikiwa meta 4 maji yakikupwa, ongeza karibu 4 za bamvua, na nyingine 3 au 4 za kulegea. Katikati ya kamba fungeni boya dogo linaloinyanyua, la sivyo maji yakikupwa kamba italala na kufyeka matumbawe kwa kuzunguka. Hilo dogo ndilo linalosahaulika siku zote. Kagueni kamba kila mwezi.

Sasa mgeni

Msimu wa kusini haulingani na wa Zanzibar. Mvua zetu huanza karibu Desemba hadi Aprili, Ruvuma inashusha tope, na maji ya upande huo yanakuwa kama chai ya maziwa. Juni hadi Agosti kusi inavuma kwa nguvu. Dirisha lenu ni tanga mbili, pepo zinapobadilika, Septemba hadi Novemba mwanzoni, maji yakiwa meupe na bahari imelala. Kati ya Julai na Oktoba nyangumi wenye nundu wanapita, na kuwaona kutoka kwenye mashua ni safari inayojitosheleza. Punguzeni mwendo mkiwa meta 100 na msiwakatie njia. Kwa bahati mbaya dirisha hilo linagongana na korosho, kwa hiyo pangeni mapema nani atakuwa pwani na nani shambani.

Msiuze mwamba peke yake. Mgeni aliyekuja Kilwa ana sababu ya pili: magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yako kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1981, na kibali chake kinachukuliwa Kilwa Masoko kabla ya kuvuka. Anayefika Mtwara apitishwe Mikindani, avushwe Msangamkuu, ale ming'oko, viazi vya porini, na pweza wa nazi.

Mashua ikaguliwe, iwe na leseni, na kila abiria awe na jaketi okozi linalomtosha, watoto wakiwemo. Soma utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa asubuhi ya safari. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopiga pwani hii, barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam ilikatika; vikundi vilivyokuwa na namba za simu za wageni wao viliwazuia mapema, na wale wasiokuwa nazo walibaki wakiulizana.

Maelezo kabla ya kuingia majini yasizidi dakika tano. Usisimame juu ya tumbawe, lina uhai. Usiguse, usichukue kombe hata tupu. Vaa fulana ya mikono mirefu, maana baadhi ya krimu za kujikinga na jua zinadhuru matumbawe na fulana haidhuru chochote. Kundi moja lisizidi wageni sita kwa mwongozaji mmoja. Na mgeni asiyejua kuogelea abaki na boya mkononi, hata akisema anajua kidogo. Hasa akisema anajua kidogo.

Banda la kupumzikia au la kulala lisijengwe hovyo pwani: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa bahari shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira hayo. Kwa kisiwa kidogo ningeshauri msijenge kabisa. Maji matamu hakuna, choo kitavuja kwenye mwamba, na kasa hawatagi penye taa. Mkihitaji mfano wa kujenga kidogo na kulipia ulinzi kwa viingilio, nendeni Chumbe, Zanzibar: mabanda saba tu, na baadhi ya walinzi wa mwamba walikuwa wavuvi.

Fedha, mezani

Tuseme wageni sita wanalipa 50,000 kila mmoja, mbali na tozo ya hifadhi kama mko ndani yake, ambayo hulipwa serikalini kwa kontroli namba na haipiti mikononi mwenu. Jumla 300,000. Mafuta na nahodha 110,000. Chakula kwa kikundi cha akina mama, 12,000 kwa kila mgeni, 72,000. Waongozaji wawili, 40,000. Zinabaki 78,000. Kati ya hizo, 40,000 ziende mafuta ya doria, 20,000 mfuko wa walio kwenye orodha ya mwamba, 18,000 matengenezo ya boya na vifaa.

Bei zitabadilika, mgawanyo usibadilike bila mkutano. Hesabu zibandikwe kwa kalamu nene mlangoni pa ofisi ya kijiji kila mwisho wa mwezi, hata mwezi wa sifuri. Mwezi wa sifuri ndio hasa watu wanaoushuku. Weka saini tatu benki, moja ya mchokoaji pweza. Mfuko wa akina mama ukifikia kiasi cha kukopeshana, uanze kulipa yale madeni ya wanunuzi niliyoyataja, kwa sababu mama asiyedaiwa na mnunuzi ana uhuru wa kukaa miezi mitatu bila kushuka mwambani.

Mwamba ukipauka

Ndani ya tumbawe mnaishi viumbe vidogo vya mwani vinavyolipatia rangi na sehemu kubwa ya chakula chake. Maji yakizidi joto la kawaida la kiangazi kwa nyuzi moja hivi, wiki kadhaa mfululizo, tumbawe huvitoa, na mwamba unageuka mweupe kama chokaa. Mwaka 1998 hali hiyo ilipita Bahari ya Hindi yetu nzima. Imerudi tangu hapo na itarudi tena, na hakuna sheria ndogo ya kuizuia.

Ikitokea, kwa kawaida kati ya Februari na Mei, sitisheni safari za kuogelea juu ya sehemu iliyopauka. Tumbawe jeupe bado liko hai na linaweza kupona lisipobughudhiwa. Ongezeni ulinzi wa pono. Pigeni kamba yenu ya mafundo wakati huo, na tena baada ya miezi sita. Wageni waliokwisha kulipa wapelekeni kwenye magofu, mikokoni, au wapeni mkonjo washuke na akina mama kwenye mwamba ulio wazi wajionee. Watarudi na pweza mmoja mdogo na magoti yenye michubuko, na huyo pweza mpimeni: chini ya gramu 500, anarudi shimoni.